Jinsi ya Kufunga Bawa kwenye IST na Kuushinda Upepo

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari dogo la kwendea kazini ambaye ameshajua, kwa hakika isiyohitaji ushahidi, kwamba kinachomkosesha nafasi kwenye mashindano ya Le Mans ni kipande cha fiberglasi cha mita moja na nusu. Mifano mingi tutaitoa kwenye Toyota IST, kwa kuwa ndiyo inayoonewa zaidi jijini Dar es Salaam. Mwenye Vitz, Altezza au Crown afuate hatua zilezile. Mwenye Subaru wa Nairobi asome pia, ila ajiandae kwa habari mbaya hapo mbele. Mwenye Probox akalale. Probox haijawahi kusubiri ushauri wa mtu.

Andaa vitu hivi: bawa lenyewe, drili, skrubu, silikoni, utepe wa gundi wa pande mbili, fundi asiyependa maswali, na rafiki mwenye simu inayopiga picha nzuri. Kikokotoo kiache nyumbani (nasema cha hesabu, si kile cha mafao ya kustaafu, ingawa vyote viwili huleta huzuni). Wapo watu waliokuwa wakiishi kwa amani na mabawa yao mpaka siku walipokaa chini wakapiga hesabu.

Mjue unayepambana naye

Hewa ina uzito. Mchana wa nyuzi 30 pale Dar es Salaam, kila mita ya ujazo ya hewa ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. IST ikitembea kilomita 80 kwa saa, kila sekunde inakumbana na hewa ya kilo 50 na ushee, yaani mfuko mzima wa saruji unaotakiwa kupisha njia, na sekunde inayofuata mfuko mwingine. Hewa hiyo haipishi bure. Inapogota puani mwa gari inalisukuma lirudi nyuma. Inapopanda na kukimbia juu ya paa shinikizo lake linapungua, na gari linanyanyuka kidogo. Inapofika mwisho wa paa na kukuta mlango wa buti umekatwa wima, inashindwa kupinda, inaachana na bati na kuanza kujiviringisha, na hapo nyuma panabaki shinikizo dogo linalolivuta gari lisiende.

Eneo hilo la nyuma umeshaliona hata kama hukutambulishwa. Pita barabara ya vumbi na gari lolote lenye mgongo wima, Noah au Hiace, kisha shuka ulitazame. Ubavuni vumbi la kawaida, mlango wa nyuma umepakwa kama ukuta wa udongo. Hewa inayojiviringisha huokota vumbi lililotimuliwa na matairi na kulirudisha kwenye kioo. Ndiyo sababu magari ya namna hiyo huja na waipa ya nyuma, wakati saluni nyingi hazina. Na ndiyo sababu ukifungua kioo cha mlango wa buti ili upate ubaridi, unapata vumbi na moshi wa bomba lako mwenyewe.

Jambo la pili ndilo lenye hesabu, na nitalisema haraka ili lisikuharibie siku: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya hewa inakuwa mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuikabili hewa hiyo inakuwa mara nane. Ukitoka 80 ukaenda 120, kila kilomita unailipa hewa zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa ukilipa. Safari ya Morogoro ni ileile, karibu kilomita 200, na hewa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba umeamua kuinunua kwa bei ya jumla bila punguzo.

Sheria hiyohiyo ya mara nne ndiyo inayoleta shida upande wa pili. Kama hewa ni kali sana kwenye 160, basi ni mpole sana kwenye 20. Na bawa lako, ndugu yangu, makazi yake ni kwenye 20.

Bawa lenyewe

Chukua bawa la kawaida la dukani, urefu mita moja na nusu, upana sentimita 20. Tulifanyie hisani kubwa: tuseme limechongwa vizuri, limewekwa kwa pembe sahihi na linapata hewa safi isiyovurugwa na kitu chochote. Kwenye foleni ya Ubungo, gari likijikokota kilomita 20 kwa saa, bawa hilo linaukandamiza mgongo wa IST kwa uzito wa nusu kilo. Nusu kilo ya sukari, tena bila mfuko. Ukipata nafasi ukafika 40, unapata kilo mbili na kidogo. Kwenye 80 unafikia karibu kilo tisa, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Kwenye 160, ambako hutafika, au ukifika hutataka mama yako ajue, unapata kilo 35.

Kijana mwenye tamaa atauliza: nikitaka mkandamizo wa mfuko mmoja wa saruji je? Jibu ni kilomita 190 kwa saa. Sasa tazama dashibodi ya IST yako iliyotoka Japani: namba zinaishia 180. Wajapani walikubaliana kwamba hapo panatosha, na bawa lako linaanza kazi baada ya hapo.

Usikimbilie kusema kwamba basi bora upakie saruji yenyewe kwenye buti. Ni kosa la heshima, lakini ni kosa. Mfuko wa saruji unaongeza uzito kwenye tairi, kweli, ila gari likikata kona mfuko nao unataka kuendelea moja kwa moja, na tairi zilezile ndizo zinazopaswa kuugeuza. Upepo unakandamiza bila kupanda gari. Unabonyeza tairi chini na hauna mwili wa kuvutwa nje ya kona. Huo ndio utamu wote wa aerodinamiki ya mashindano: gari la Formula One lina uzito wa kilo 800 hivi, na likishafika mwendo wa 200 na zaidi hewa inaliongezea mkandamizo unaozidi uzito wake mwenyewe, kwa hiyo linapita kona ambazo gari la kawaida lingetoka nje pamoja na dereva na sala zake. Lakini mkandamizo wote huo lazima upitie kwenye tairi, na sehemu ya tairi inayogusa lami ni pana kama kiganja. Aliyenunua bawa jipya na tairi za mtumba zilizokauka amepanga bajeti yake kwa namna ambayo mwongozo huu hautaigusa.

Habari mbaya ya Nairobi sasa. Jiji lile limekaa juu, mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 15. Bawa lilelile, mwendo uleule, mwenye Subaru wa Nairobi anapata mkandamizo pungufu kuliko mwenzake wa Mombasa. Kwa faraja, ukinzani nao umepungua. Kwa kuondoa faraja hiyo, injini isiyo na tabo nayo inavuta hewa nyepesi ileile. Anayeona ameonewa ahamie Nyali.

Kama mzee mmoja wa gereji atakukumbusha kwamba Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 akiwa na Volvo PV544, gari la mgongo wa mviringo lisilo na bawa hata la kuazima, mpe chai. Wazee wa namna hiyo hawashindiki kwa hoja.

Pa kulifunga

Palipo rahisi zaidi ni katikati ya mlango wa nyuma, chini ya usawa wa paa, kwa sababu bati la hapo ni laini na drili inapita bila taabu. Pia ni mahali ambapo hewa nzuri haifiki. Tumeshaona kwamba kwenye gari lenye mgongo wima hewa inaachana na bati mwishoni mwa paa. Kila kitu kilicho chini ya mstari huo kinakaa ndani ya vurugu. Bawa lililofungwa hapo linapigwa na hewa inayozunguka, inayopanda, mara nyingine inayorudi mbele. Halijui lielekee wapi. Lakini kwenye picha linaonekana vizuri sana, hasa jioni.

Ukitaka hewa safi, inua bawa juu. Wazo hili lina historia. Mwaka 1956 kijana mhandisi wa Uswisi, Michael May, aliipeleka Porsche 550 yake Nürburgring ikiwa na bawa juu ya kichwa cha dereva. Hakulifunga nyuma, alilifunga katikati, ili likandamize tairi za mbele na za nyuma kwa pamoja. Wasimamizi walimkatalia kushindana nalo. Miaka kumi baadaye, Mmarekani Jim Hall alitokea na Chaparral 2E, bawa lake likiwa juu ya nguzo ndefu zilizoshuka moja kwa moja kwenye vibebeo vya magurudumu, si kwenye bodi, ili mkandamizo uende kwenye tairi bila kuzibonyeza springi. Formula One wakaiga. Kufika mwaka 1969, kwenye mashindano ya Uhispania pale Montjuïc, Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika, la Graham Hill kwanza, kisha la Jochen Rindt, na yote mawili yakaishia kwenye vyuma vya pembeni. Wiki mbili baadaye, huko Monaco, mabawa ya nguzo ndefu yakapigwa marufuku.

Wale walikuwa na wahandisi. Wewe una skrubu nne na silikoni. Kwa hiyo nguzo zako zisizidi urefu wa aibu ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, labda kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Bawa la nyuma halikai juu ya ekseli ya nyuma; linakaa nyuma yake. Likikandamizwa, linafanya kazi ya ubao wa bembea: mgongo unashuka, pua inainuka. Ukifunga bawa lako sentimita 60 nyuma ya ekseli ya IST, zile kilo 35 za mwendo wa 160 zinakuwa kilo 44 kwenye tairi za nyuma, na tairi za mbele zinapoteza kilo tisa. Sasa kumbuka tairi za IST zinazovuta ni zipi. Na zinazokata kona ni zipi. Na zinazobeba sehemu kubwa ya breki ni zipi. Zote tatu ni za mbele. Umelipa pesa ili uzipunguzie uzito tairi zinazofanya kila kitu, na kuziongezea zile zinazofuata tu. Gari litakuwa gumu kugeuka kwenye kona ya kasi. Utaliita tabia ya mashindano.

Chini ya gari, ambako hakuna mpiga picha

Hapa nina jambo zito kidogo. Gari lako lilipotoka kiwandani lilikuwa na kifaa cha aerodinamiki. Ni ile plastiki nyeusi iliyofunika injini kwa chini, inayoifanya hewa iteleze badala ya kuingia na kugongana na kila bomba, bolti na mkono wa stelingi. Sehemu ya chini ya gari ndiyo chafu kuliko zote kwa upande wa hewa, na plastiki ile ilikuwa ikifanya kazi yake kimya, bila stika. Siku ya kwanza ya kumwaga oili, fundi aliifungua. Siku hiyohiyo alipoteza klipu zake mbili. Safari ya pili ikafungwa kwa waya. Safari ya tatu ikabaki imeegemea ukuta wa gereji, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa imelaliwa na mtu aliyeingia chini ya gari la mwingine.

Usiidai. Anayeidai plastiki ile hana muda wa kuchagua rangi ya bawa.

Badala yake, shusha gari. Ni kweli kwamba gari likiwa chini hewa inayopita uvunguni inapungua, na mnyanyuko nao mara nyingi hupungua. Colin Chapman na wenzake wa Lotus walikwenda mbali zaidi: waliuchonga uvungu wenyewe kuwa bawa lililogeuzwa, wakaziba pembeni kwa sketi zinazogusa barabara, hewa ikapita kwa kasi na shinikizo likashuka mpaka gari likanyonywa chini. Mario Andretti akachukua ubingwa wa dunia mwaka 1978 na Lotus 79. Brabham nao wakaona wasipitwe. Mwaka huohuo, pale Anderstorp nchini Swideni, walileta BT46B yenye feni kubwa nyuma iliyofyonza hewa kutoka uvunguni. Niki Lauda akashinda, na gari lile halikushindana tena. Feni ile, kwa taarifa ya mafundi wetu wabunifu, haikuwa ya friji.

Ujanja wote huo una sharti moja: umbali kati ya gari na barabara usibadilikebadilike. Sketi ikiachia, hewa inaingia na mkandamizo unakatika papo hapo, katikati ya kona. Sisi tunaishi katika nchi ambayo kila kijiji kina matuta yake, mengine yamechorwa, mengine ni siri ya wenyeji. Kata springi zako kwa grainda kama ilivyo desturi. Shokapu zitagonga mwisho kwenye kila shimo, tairi itaruka na kuachia lami, na tairi isiyogusa lami haijali umeikandamiza kwa upepo wa kiasi gani.

Boneti, keria na madirisha

Wapo wanaoweka washa nene kwenye bawaba za boneti ili ukingo wake wa upande wa kioo uinuke na joto la injini litoke. Inapendeza, na watu wa kijiweni wataelewa kwamba injini yako inawaka mambo. Tatizo ni kwamba chini ya kioo cha mbele ndipo hewa inapogota tena na shinikizo kupanda. Watengenezaji wanajua, na ndiyo maana tundu la kuingizia hewa ya ndani ya gari limewekwa palepale, chini ya waipa. Gari likishika mwendo, mwanya wako unaingiza hewa ndani badala ya kutoa, na joto linakosa pa kwenda. Kama lengo ni kuichemsha injini taratibu, endelea. Ile pua ya plastiki unayoibandika juu ya boneti haina madhara yoyote, kwa kuwa haina tundu. Ya Subaru ina tundu na inapeleka hewa kwenye kipozeo cha tabo. Ya kwako inapeleka maji ya mvua kwenye gundi.

Keria ya juu iache ilivyo, hata kama mara ya mwisho kubeba kitu ilikuwa godoro la msiba wa mwaka juzi. Vyuma mviringo vilivyokatiza hewa ni vikinzani hodari, vinapiga mluzi kuanzia kama 70, na vinakula mafuta kwa uaminifu safari zote, zenye mzigo na zisizo na mzigo. Ukipakia vitanda viwili na magunia ya mahindi juu yake, umeongeza pia kimo cha uzito, ambacho utakikumbuka kwenye kona za Kitonga.

Kuhusu madirisha nitakuwa mkweli kuliko kawaida: mjini fungua upendavyo, hewa ya 40 haina ubaya. Kwenye barabara kuu, ukifungua dirisha moja tu la nyuma utasikia mapigo mazito masikioni, hewa ikiingia na kutoka kwa mdundo, gari zima likiwa mdomo wa chupa inayopulizwa. Fungua kidogo dirisha jingine na mapigo yatakoma. Hili halina kejeli ndani yake. Watoto hulia kwa ajili ya mapigo yale na mzazi anadhani ni njaa.

Upepo wa ubavuni

Sura hii ingeandikwa na nahodha wa jahazi. Yeye anajua kwamba upepo wa mbele ni gharama na wa ubavuni ni ugomvi. Gari refu kwenda juu lina ubavu mkubwa, na upepo ukivuka daraja la Tanzanite kutoka baharini unaukuta ubavu huo wazi. Kinachoamua ni wapi upepo unasukumia: ikiwa msukumo wake unaangukia mbele ya kitovu cha uzito wa gari, pua inageuzwa kufuata upepo, gari linauonyesha upepo ubavu zaidi, na upepo unashukuru. Magari mengi ya kawaida yako hivyo kwa kiasi fulani. Dereva anasahihisha bila kujua kwamba anasahihisha, ndiyo maana safari ndefu ya siku ya upepo inachosha mikono.

Kwenye mwendo mkubwa masahihisho yanachelewa. Tarehe 28 Januari 1938, kwenye barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, Rudolf Caracciola aliweka rekodi ya zaidi ya kilomita 432 kwa saa akiwa na Mercedes. Kabla ya mchana Bernd Rosemeyer akaingia na Auto Union iliyofunikwa mpaka magurudumu, mwili laini na ubavu mrefu, gari lililochongwa ili hewa isipate pa kushika. Upepo ulilishika kwa ubavu likiwa limepita 400. Rosemeyer, aliyekuwa miongoni mwa madereva wakali kuliko wote wa wakati wake, alifia pale.

Wewe upepo wako mkubwa wa ubavuni una tairi sita na jina la Mungu kwenye kioo. Basi la mikoani likikupita, pua yake inasukuma hewa mbele, na hewa hiyo inakusukumia pembeni ya barabara. Unageuza usukani kujirudisha. Wakati huohuo basi limekaa sambamba nawe, hewa kati yenu imebanwa na kukimbia, shinikizo limeshuka, na sasa unavutwa kuelekea kwenye basi, ukiwa tayari umegeuza usukani upande huohuo. Kisha linamaliza kupita na vurugu zake za nyuma zinakutikisa. Yote hayo ndani ya sekunde mbili tatu. Mwongozo unashauri uyapokee mambo haya kwa mkono mmoja, kiti kimelazwa, mkono wa pili ukitafuta wimbo.

Anayependa kubana mafuta kwa kujibanza nyuma ya lori yuko sahihi kwa fizikia: hewa ya nyuma ya lori imeshapasuliwa na kulipiwa. Haoni mbele, redieta yake haipati hewa ya kutosha, na breki zake zinategemea uungwana wa dereva wa lori, lakini fizikia anayo.

Kuruka

Ikiwa baada ya yote haya bado gari linatulia barabarani, yupo mwalimu wa mwisho. Mwaka 1999 Mercedes walipeleka Le Mans gari liitwalo CLR, kazi ya watu wenye handaki la upepo, kompyuta na fedha. Siku ya Alhamisi, kwenye mazoezi, lilinyanyuka pua na kupinduka hewani, Mark Webber akiwa ndani. Wakalijenga upya. Jumamosi asubuhi likaruka tena, na Webber yuleyule ndani. Madereva waliobaki wakaambiwa wasifuate gari jingine kwa karibu wanapopanda vilima, kwa kuwa hewa iliyovurugwa na gari la mbele inaipunguzia pua mkandamizo. Pua ikiinuka kidogo, hewa inaingia uvunguni, na uvungu mzima unakuwa bawa la kweli, la kurushia. Kwenye mashindano yenyewe gari jingine, la Peter Dumbreck, liliruka juu ya vizuizi likatua kwenye miti. Wote wawili walipona. Mercedes wakalitoa gari lililobaki.

Magari ya barabarani nayo yamo. Audi TT ya mwaka 1998 ilisifiwa kwa mgongo wake wa mviringo, laini, usio na kitu. Kwenye barabara za Ujerumani zisizo na kikomo cha mwendo, mgongo ule ulinyanyuliwa na hewa, tairi za nyuma zikawa nyepesi, na dereva aliyebadilisha njia ghafla au kuachia mafuta kwenye kona aliiona nyuma ya gari ikimpita. Ajali zilipozidi, Audi walirekebisha mfumo wa springi, wakaongeza kifaa cha kudhibiti kuteleza, na wakabandika kwenye buti spoila ndogo kabisa, ukingo tu. Haikusukuma chochote chini. Iliizuia hewa isikumbatie mgongo na kuunyanyua. Wapo wenye magari waliolalamika kwamba imeharibu umbo.

Majaribio

Ukiwa bado na shaka, fanya kama wanavyofanya wahandisi wasio na fedha. Kata nyuzi za sufi urefu wa kidole, zibandike kwa utepe kwenye paa, kwenye kioo cha nyuma na juu ya bawa lako, upande wa juu na wa chini. Tafuta barabara tupu, mpe mwingine aendeshe 60 au 70, wewe ukae gari la pembeni na simu. Nyuzi zilizolala zikielekea nyuma ziko kwenye hewa nzuri. Zinazochezacheza na kusimama wima ziko kwenye vurugu. Paani zitalala zote. Mwisho wa paa zitaanza kushtuka. Kwenye bawa, utaona mwenyewe.

Hatua inayobaki ni tangazo la kuuza. Piga picha kwa pembe ya chini, andika kwamba halijatumika sana, ambayo ni kweli kuliko unavyodhani, na taja bei pamoja na skrubu. Mnunuzi atakuja jioni na rafiki yake, atalipapasa, atauliza kama linasaidia gari kutulia. Mwambie linasaidia kuanzia 190. Atanyamaza akifikiria, kisha atauliza IST yake inafika ngapi. Hapo mwonyeshe rangi.